Santuri au simu: albamu nzima uisikilizie wapi?

Anayetaka kuirudia raha ya kusikiliza albamu kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho hukutana na swali hili mapema.

Kwa gharama, simu inashinda bila ubishi. Bando na ada ya mwezi ya huduma ya muziki mtandaoni vinakufungulia maelfu ya albamu. Santuri inadai mashine ya kuichezea, amplifaya, spika na sindano, kabla hujainunua yenyewe.

Kwenye umakini mizani inageuka, na huko ndiko moyo wangu uliko. Upande mmoja wa santuri ndefu, aina iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1948, hubeba takriban dakika 22. Muda huo unatosha kutulia, kisha unainuka kuigeuza. Kuruka wimbo ni usumbufu, kwa hiyo unauvumilia hata usioupenda, na pengine huo ndio utakaokunasa baadaye. Simu inakuachia urukeruke, na ujumbe mmoja tu unakutoa ndani ya muziki. Zima intaneti na uondoe uchanganyaji wa nyimbo, inasaidia sana.

Utunzaji? Santuri inaogopa jua, vumbi na mikwaruzo. Ukiwa Tanga au Mombasa, usithubutu kuiacha garini. Simu haina hayo, ila albamu uipendayo inaweza kuondolewa kwenye huduma bila wewe kuulizwa.

Mwenye safari ndefu za daladala aipakue albamu kwenye simu mapema. Mwenye sebule tulivu, jioni huru na akiba kidogo atafaidi santuri. Mwenye watoto wadogo wanaogusa kila kitu, sindano isubiri kwanza.