Tandiko la Walsall na hatamu yake kwa farasi mwenye mgongo mpana: uzoefu wangu

Tangu majira ya baridi yaliyopita nimekuwa nikitumia tandiko la Kiingereza la ngozi, la matumizi ya jumla, lililoshonwa Walsall, mji wa Uingereza, pamoja na hatamu iliyouzwa nalo. Tathmini hii nawaandikia wasemaji wenzangu wa Kiswahili wanaopanda farasi hapa Uingereza, na wale wanaofikiria kuagiza vifaa vya namna hii kutoka huku kupeleka Nairobi au Arusha. Kwa kifupi, tandiko ni zuri na linastahili bei yake, huduma ya fundi aliyekuja kulipima na kulirekebisha ni bora hata kuliko tandiko lenyewe, na hatamu ina kasoro moja ambayo muuzaji alipaswa kuiona mapema.

Ni lazima nimweleze kwanza farasi, kwa sababu tandiko haliwezi kusifiwa wala kulaumiwa bila kujua linakaa juu ya mgongo gani. Wangu ni kobu, yaani farasi mfupi mnene wa nchi hii, mwenye kifua kipana, mgongo wa mviringo na kilele cha bega, yaani nundu ya mfupa pale shingo inapokutana na mgongo, kisichoinuka sana. Alikuja kwangu na tandiko jembamba lililokuwa likimbana nyuma ya mabega mpaka manyoya ya pale yakaanza kuota meupe, alama ambayo kila saisi anaijua na ambayo haifutiki kwa dawa. Kwa hiyo nilipotafuta jingine, jambo la kwanza lilikuwa upana wa kiunzi, na mengine yote yalifuata.

Kiunzi ndicho umbo la ndani ambalo mnunuzi halioni, kwa kuwa limefunikwa kwa ngozi juu na chini, lakini sehemu zote za tandiko zinaning'inia humo kama mbao za jahazi zinavyoshikwa na mkuku. Katika tandiko langu kimetengenezwa kwa tabaka nyembamba za mbao za mti uitwao beech zilizogundishwa pamoja na kukazwa kwa chuma, kisha vipande viwili vya chuma cha springi vimepitishwa kwa urefu, kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma, ili kiti kinese kidogo chini ya mpandaji badala ya kumgonga. Nililinunua likiwa limekwisha kutumika, na kwa tandiko la aina hiyo kuna jaribio ambalo halipaswi kurukwa: unaegemeza ukingo wa mbele kwenye paja, unashika ukingo wa nyuma na kuuvuta kuelekea kwako. Kiunzi kizima cha springi kitanesa kidogo na kurudi mahali pake. Kilichovunjika kitakunjika, au kitalia, au ngozi ya kiti itajikusanya makunyanzi upande mmoja. Tandiko lenye kiunzi kilichovunjika linaumiza mgongo kila hatua, hata kama ngozi yake inang'aa. Langu lilipita.

Chini ya kiunzi kuna mito miwili mirefu iliyojazwa sufu ya kondoo, na katikati yake mfereji unaoacha uti wa mgongo ukiwa huru. Hapa ndipo tandiko hili liliponishinda kwa uzuri. Mfereji una upana wa vidole vinne tangu mbele hadi nyuma, hausinyai kuelekea kiunoni kama nilivyoona katika matandiko mengine ya bei hiyo, na mito inagusa mgongo kwa usawa pasipo kuacha daraja tupu katikati. Marehemu baba yangu alikuwa saisi pale Ngong, na yeye ndiye aliyenizoesha kupitisha kiganja chini ya tandiko kabla ya kupanda, polepole, kutoka begani kwenda nyuma, nikitafuta mahali panapobana. Ninafanya hivyo hadi leo, na kwa tandiko hili kiganja kinapita kwa mkazo uleule mwanzo hadi mwisho.

Sufu ina faida ambayo mito ya sponji haina: inaweza kuongezwa, kupunguzwa na kupangwa upya. Fundi aliyetumwa na duka, mama wa makamo aliyesajiliwa na chama cha mafundi wakuu wa matandiko kilichoanzishwa mwaka 1966, alifika zizini na gari lililojaa sufu, ndoana ndefu za chuma na nyuzi. Kabla ya kugusa tandiko alimpapasa farasi mgongo mzima, akachukua umbo lake kwa rula inayopindika, akalichora kwenye karatasi kwa sehemu tatu, kisha akaniomba nimwendeshe farasi akitembea, akienda mchakamchaka na akikimbia, pande zote mbili za uwanja. Aliona tandiko linahamia kidogo kulia, akaeleza kwamba bega la kushoto la farasi wangu limejengeka zaidi, akaongeza sufu kiasi cha konzi upande wa kulia, akalirudisha. Likatulia. Alihakikisha pia kwamba kiti hakipiti ubavu wa mwisho, kwa sababu nyuma ya hapo mgongo wa farasi haukuumbwa kubeba uzito, na kwamba bega lina nafasi ya kuzunguka mbele ya mbawa za tandiko, yaani vipande vya ngozi vinavyoning'inia kila upande. Sufu mpya hushindiliwa na uzito wa mpandaji, hivyo aliahidi kurudi baada ya miezi michache, naye amerudi bila kukumbushwa.

Jambo jingine alilonionyesha ni mikanda mitatu midogo inayotokeza chini ya kila ubawa, ambayo mshipi wa tumbo hufungwa kwayo. Mkanda wa mbele umeshonwa kwenye utepe wake peke yake, na miwili ya nyuma inashiriki utepe mmoja. Tepe hizo hupita juu ya kiunzi. Ndiyo maana mshipi hufungwa kwa mkanda wa kwanza na mmoja wa ile ya nyuma, wala si kwa miwili ya nyuma pekee, ili utepe mmoja ukikatika uwanjani ule mwingine ubaki umeshika. Nimeona wapandaji wazoefu wasiolijua hili, na ninawasihi wenye watoto wanaopanda walikague leo.

Rikabu na mikanda yake zilinunuliwa kando. Rikabu ya chuma inapaswa kuizidi buti kwa sentimita mbili na nusu hivi, mguu usikwame wala usipenye mzima. Na mikanda ya ngozi hubadilishwa upande mara kwa mara, kwa sababu ule wa kushoto, unaokanyagwa wakati wa kupanda, hurefuka upesi zaidi. Chuma kinachoishika mikanda hiyo kwenye kiunzi kina ulimi mdogo unaoweza kuinuliwa. Mimi huuacha umelala wakati wote ninapopanda, ili nikianguka mguu ukiwa ndani ya rikabu, mkanda uchomoke badala ya mimi kuburutwa. Katika tandiko hili ulimi ulikuwa mkavu, nao ulihitaji tone la mafuta tu.

Sasa hatamu. Ngozi yake ni nzuri, nene kiasi, imeshonwa kwa mishono midogo iliyo sawa, na ndoana zinazounganisha mikanda ya mashavu na lijamu, yaani chuma cha mdomoni, zinafunga kwa uthabiti. Lijamu yenyewe ni ya vipande vitatu, yenye kiungo laini katikati na pete zisizobana pembe za mdomo, na farasi wangu aliipokea siku ileile akiwa ametulia, akiitafuna taratibu. Mkanda wa koo unaacha nafasi ya kiganja kizima kusimama, na mkanda wa pua unakaa vidole viwili chini ya mfupa wa shavu huku vidole viwili vikipita juu ya pua bila kusukumwa. Ninalisisitiza hili la mwisho, kwani nimewaona wengi wakikaza mkanda wa pua kana kwamba utiifu wa farasi unatoka kwenye bizimu.

Kasoro iko kwenye mkanda wa paji la uso. Kazi yake ni kuuzuia mkanda wa kisogo usiteleze kurudi shingoni. Ukiwa mfupi, huuvuta ule wa kisogo mbele mpaka ukabana mizizi ya masikio, na farasi huanza kutikisa kichwa. Hatamu hii iliuzwa kwa saizi ya kobu, nayo mikanda mingine yote inamfaa, lakini mkanda wa paji ulikatwa kwa kichwa chembamba, ilhali kobu halisi wana paji pana. Hili si siri katika biashara ya hatamu. Duka linalomjua mteja wake lingeuliza kipimo kutoka sikio hadi sikio kupitia kwenye paji kabla ya kufunga mzigo. Nilipolalamika walinibadilishia kwa heshima, ila gharama ya posta nilibeba mimi, na sioni kwamba ilikuwa haki.

Vigwe, yaani kamba za kumwongozea farasi, navyo ni vya ngozi tupu. Katika mvua za Staffordshire, na farasi akitokwa na jasho, huteleza mkononi, kwa hiyo nimevibadilisha na vyenye mpira sehemu ya kushikia.

Kwa habari ya bei, nililipa pauni 600 kwa tandiko, safari ya kwanza ya fundi ikiwa ndani yake, na pauni 85 kwa hatamu. Tandiko jipya la ngozi la ubora huu lingezidi pauni 1,000 kwa mbali. Walsall imeishi kwa kazi ya ngozi tangu karne ya 19, hata klabu yake ya mpira ina lakabu ya mafundi wa matandiko, na kazi hiyo inaonekana kwenye mishono ya kiti ambayo haijaachia hata mmoja. Matunzo ni mepesi: kitambaa chenye unyevu, sabuni ya gliserini, na kukaushwa kivulini, kamwe si kando ya moto.

Anayeagiza akiwa Afrika Mashariki, ambako farasi wengi wa kupanda ni wa mbio waliostaafu, asinunue upana kama wangu. Farasi hao wana kilele cha bega kilichoinuka na mgongo mwembamba, na tandiko hili lingewaangukia juu ya mfupa. Amchore farasi wake kwa waya laini nyuma ya bega, ahamishie umbo hilo kwenye karatasi, aitume kwa muuzaji pamoja na kipimo cha paji, na asilipe kabla ya kupata jibu la maandishi juu ya upana wa kiunzi na jina la fundi wa karibu anayeweza kuipanga sufu upya.