iLok ya kizazi cha tatu: kasha la chuma, bima inauzwa kando

iLok ni ufunguo wa USB unaobeba leseni za programu za sauti, na kwa kasha peke yake, ya kizazi cha tatu inastahili sifa. Ya kwanza ilikuwa plastiki inayopenyeza mwanga, yenye nafasi ya kuchomekea kadi ndogo ya chipu, na ilijitokeza ubavuni mwa laptopu kama tawi linalosubiri kukatwa. Ya pili ilifupishwa ila ikabaki plastiki. Hii ya tatu ni ya aluminiamu, ni fupi, na inabeba hadi leseni 1,500, mara tatu ya iliyotangulia. (Mwenye leseni 1,500 ana tatizo ambalo hakuna ufunguo utakaolitatua.) Taa yake inaonekana vizuri, kichwa cha USB kimekaa imara, na toleo la USB-C nalo lipo kwa wenye kompyuta zisizo na matundu ya zamani.

Ila ufunguo wa leseni upimwe kwa siku utakapopotea au kuvunjika. Hapo PACE, kampuni inayoutengeneza, inashuka alama nyingi, na sababu iko kwenye mpangilio wenyewe wa mfumo.

Wengi huamini kwamba leseni zao ziko kwenye akaunti, na ufunguo ni kama kitambulisho tu. Sivyo. Leseni ikishaamilishwa kwenye ufunguo, makazi yake ni chipu ya usalama iliyo ndani ya kile kichuma. Akaunti inabaki na kumbukumbu: inajua leseni gani iko kwenye kifaa gani, lakini haiwezi kuivuta mpaka kifaa chenyewe kichomekwe kwenye kompyuta yenye intaneti. Ndiyo maana programu ya iLok License Manager itakuorodheshea kila plagini (programu ndogo ya kuongezwa ndani ya programu ya muziki), jina kwa jina, chini ya ufunguo uliozama baharini, na usiweze kufungua hata moja.

Mpangilio huohuo una upande mwingine usiosemwa sana. Ufunguo hauulizi nenosiri. Aliyeuokota anaweza kuuchomeka kwenye kompyuta yoyote yenye programu hizo na kupiga kazi, bila intaneti na bila kuingia kwenye akaunti yako. Hawezi kuzihamishia leseni kwenye akaunti yake, lakini kutumia anatumia. Kwa fundi sauti anayezunguka studio tatu kwa wiki, hilo ni jambo jema. Kwa mwizi pia.

Dawa ya PACE ni bima iitwayo Zero Downtime, inayolipiwa kila mwaka. Ikiwa iko hai ajali inapotokea, unaingia kwenye License Manager, unauchagua ufunguo husika, unaripoti kwamba umepotea, umeibwa au umeharibika, na unapewa leseni za muda ili kazi isisimame. Za kudumu hufuata dai likikamilika. Ufunguo uliovunjika unatakiwa urudishwe kwao, kwa hiyo usiutupe hata kama umebaki vipande viwili.

Huduma yenyewe inafanya inachoahidi. Kinachowaponza watu ni masharti wasiyoyasoma. Bima hainunuliwi baada ya ajali. Iliyoisha jana ni sawa na isiyokuwepo. Leseni za muda nazo zinahitaji pa kukaa, maana yake uwe na ufunguo wa pili, mtupu, uliokwisha kusajiliwa kwenye akaunti hiyohiyo. Asiye nao anaanza kutafuta duka siku ambayo mteja anasubiri miksi. Na ukisharipoti kwamba ufunguo umepotea, uhesabu kuwa umekufa. Ukija kuuona kesho ndani ya mfuko wa begi la kebo, hautarudi kazini. Kwa hiyo pekua begi lote kwanza, ndipo uripoti.

Bila bima, ufunguo ukipotea au kuibwa unabaki kubisha hodi kwa kila mtengenezaji peke yake. Mwenye plagini za kampuni 14 ataandika barua pepe 14, na kila kampuni ina sheria yake: moja inarudisha bure, nyingine inatoza, nyingine inataka stakabadhi ya ununuzi na namba tambulishi ya bidhaa kabla haijakujibu. Walionunua kupitia duka lisilo la mtengenezaji ndio huteseka zaidi, kwa sababu stakabadhi iko kwenye barua pepe moja na akaunti ya bidhaa imefunguliwa kwa nyingine. Hapa lawama si ya PACE peke yake, lakini ni wao waliojenga nyumba yenye milango 14 na kukuachia kila mlango ukabishe mwenyewe.

Kabla ya kuripoti chochote, hakikisha ufunguo umekufa kweli. Nyingi zinazodhaniwa kufa zimenyimwa umeme au draiva tu. Uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye habu (kigawanyaji cha matundu ya USB) isiyo na umeme wake. Badilisha tundu. Kwenye Windows fungua orodha ya huduma, tafuta PACE License Services na uianzishe upya. Kisha nenda kwenye mipangilio ya umeme uzime kipengele kinachoruhusu matundu ya USB kulala. Kwenye laptopu za Mac zenye chipu za Apple, kuanzia macOS Ventura, mfumo huomba ruhusa kifaa kipya cha USB kinapochomekwa. Aliyebonyeza kukataa kwa haraka ataona ufunguo hautajwi, akadhani umeungua. Ikiwa tatizo lilianza baada ya sasisho la mfumo, ondoa License Manager, sakinisha toleo jipya, washa upya kompyuta. Mwisho ujaribu kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Taa ikiwaka huko, ufunguo ni mzima na mgonjwa ni kompyuta yako.

Taa ikiwa inawaka na kuzima unapoutikisa, ugonjwa unajulikana: lehemu inayoshika kichwa cha USB kwenye bodi imepasuka. Hutokea laptopu inapotiwa begini ufunguo ukiwa umechomekwa, au goti linapougonga. Chipu mara nyingi bado iko hai, na ndiyo habari njema, kwa sababu unachohitaji ni dakika tano za mguso mzuri. Ulaze ufunguo utulie kwenye kebo fupi ya kuongeza urefu, fungua License Manager, na mara tu unapotajwa, hamisha leseni zote: zichague, zivute uziweke kwenye ufunguo mwingine, au uzizime zirudi kwenye akaunti. Anza na zile za gharama kubwa. Zipo ambazo mtengenezaji wake hakuruhusu zirudi kwenye akaunti. Hizo zitabaki palepale, na orodha yake uiandike kwa ajili ya barua pepe zitakazofuata.

Kama kichwa kimeng'oka kabisa, fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kulehemu kebo ya USB moja kwa moja kwenye bodi. Ni waya nne tu: nyekundu ya volti 5, nyeupe ya data hasi, kijani ya data chanya, nyeusi ya ardhi. Nyeupe na kijani zikibadilishana, kompyuta haitauona ufunguo, ila hakuna kitakachoungua. Nyekundu na nyeusi zikibadilishana, chipu inakwenda na leseni zake. Apime kwa mita kwanza kama nyekundu na nyeusi zimegusana, na achomeke mara ya kwanza kwenye habu yenye umeme wake badala ya laptopu ya kazi. Njia hii ni ya asiye na bima. Mwenye bima au dhamana asifungue kasha. Mtengenezaji anautaka ufunguo wake kama ulivyovunjika, bila alama za bisibisi.

Anayekuambia kwamba atanakili leseni kutoka chipu moja kwenda nyingine anakudanganya. Data iliyomo imefungwa kwa usimbaji na chipu imetengenezwa mahsusi isisomeke. Lehemu inarudisha mguso. Haizalishi leseni.

Ukilinganisha na wenzake, picha inabadilika kidogo. iLok Cloud inatumia akaunti hiyohiyo bila kifaa chochote, na Pro Tools, programu ya kurekodi ya kampuni ya Avid, inaikubali, lakini intaneti lazima iwepo muda wote wa kazi na kikao ni kimoja: ukikifungua kwenye kompyuta ya pili, ya kwanza inafungwa. Studio yenye mtandao wa kusuasua isiithubutu. Kuamilisha kwenye kompyuta yenyewe ni njia nzuri zaidi pale mtengenezaji anapoiruhusu, na wengi hutoa nafasi mbili au tatu kwa leseni moja: moja iweke kwenye ufunguo wa safari, nyingine kwenye mashine ya studio. Kosa la kawaida hapo ni kufuta diski au kubadilisha mfumo kabla ya kuzizima leseni.

Waves, watengenezaji wa plagini wenye mfumo wao wenyewe, wanaruhusu leseni ikae kwenye flashi ya kawaida ya USB. Ni rahisi, na ni hatari kwa namna yake: mtu akiifomati flashi ili aweke picha za harusi, leseni imefutika. Kunakili folda kwenda flashi nyingine hakusaidii, kwani leseni imefungwa kwa kifaa kile kile. Afadhali wao wana mlango wa kurejesha leseni zilizopotea ndani ya programu yao ya Waves Central, mara moja kwa mwaka, bila kumwomba mtu. Hilo PACE wangeliiga.

Wenye funguo za zamani za Steinberg, watengenezaji wa programu ya muziki ya Cubase, zile za USB-eLicenser, wasome hapa kwa makini. Tangu Cubase 12 ya mwaka 2022 kampuni hiyo imehamia mfumo usiohitaji ufunguo, ambao unaruhusu kompyuta tatu kwa leseni moja, na huduma za mtandaoni za eLicenser zilifungwa tarehe 20 Mei 2025. Cubase 11 na za nyuma zinaendelea kufanya kazi na leseni iliyomo ndani ya ufunguo, lakini leseni haihamishwi tena wala haifidiwi. Ufunguo huo ukivunjika, fundi wa lehemu ndiye tumaini pekee lililobaki. Uchomeke nyuma ya kompyuta ya mezani, kwenye tundu lisiloguswa, na usisafiri nao.

Kwa anayenunua iLok leo: kasha alama 9 kati ya 10, mpango wa ufunguo ukipotea alama 5. Nunua mbili, si moja, na zisajili zote siku hiyohiyo. Ya pili ibaki tupu ndani ya droo. Lipia bima ikiwa thamani ya leseni ulizonazo inazidi sana malipo ya miaka kadhaa ya bima, na weka kikumbusho wiki mbili kabla haijaisha. Mwenye plagini tatu ambazo watengenezaji wake hujibu haraka anaweza kuishi bila bima. Piga picha namba iliyoandikwa kwenye ufunguo, piga picha orodha ya leseni kwenye skrini, na ziweke pamoja na stakabadhi zote kwenye folda moja isiyo kwenye laptopu hiyo. Usiuchomeke ubavuni mwa laptopu. Kebo ya sentimita 20 inatosha, na mtu akiikwaa, kitakachovunjika ni kebo.

Tundu dogo la kupitishia kamba lipo pia. Lifungie kamba yenye rangi kali, kwa sababu kichuma hiki kikidondoka kwenye jukwaa lenye giza hakitofautiani na plagi ya hedifoni.