Chama cha Wafanyakazi na Mtafiti Anayelipwa na Mradi: Tathmini ya Huduma kutoka Mtwara

Tathmini hii inahusu huduma ya uwakilishi katika majadiliano ya pamoja inayotolewa na tawi la chama cha wafanyakazi la chuo kikuu kimoja kisicho cha serikali, ambacho makao yake makuu yako nje ya mkoa huu lakini kina kituo cha utafiti hapa Mtwara. Ninaiandika kwa ajili ya watafiti wa baada ya uzamivu, yaani wenye shahada ya uzamivu (PhD) wanaofanya utafiti kwa mkataba wa muda, na watafiti wengine wa mkataba walioko Mtwara na Lindi, kwa kuwa wengi wetu huwekewa mezani fomu ya kujiunga na chama pamoja na fomu za benki, tukaijaza kwa kalamu ileile bila kuuliza tutapata nini. Jina la chama na la chuo nimeyaacha kwa makusudi. Kasoro nitakazozitaja ni za tawi moja, na watu wa tawi hilohilo ndio nitakaowasifu.

Ada ya tawi letu ni asilimia mbili ya mshahara wa msingi, na hukatwa na mwajiri kila mwezi baada ya mfanyakazi kutia saini TUF 6, fomu ya kuidhinisha makato hayo. Kwa ada hiyo mwanachama anawakilishwa katika majadiliano ya mkataba wa hali bora (makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri), anasindikizwa anapoitwa kwenye kikao cha nidhamu, na anasaidiwa kuandaa shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Msingi wa yote haya ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inakipa chama chenye wanachama walio wengi katika kundi husika la wafanyakazi haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, na inamtaka mwajiri ajadiliane nacho kwa nia njema. Anayedhani ataokoa fedha kwa kutojiunga afahamu kwamba sheria hiyo inaruhusu chama kilichotambuliwa kukubaliana na mwajiri kuhusu ada ya uwakala, ambayo hukatwa kwa asiye mwanachama, haizidi ada ya mwanachama, na hutunzwa katika akaunti ya peke yake. Kwa hiyo katika sehemu nyingi za kazi swali si kama utalipa au hutalipa, bali kama utakuwa na sauti juu ya fedha ambayo tayari inaondoka.

Kwa mtafiti wa baada ya uzamivu, hata hivyo, kuna swali linalotangulia hilo, nalo ni kama yumo ndani ya kundi linalojadiliwa. Hapa ndipo thamani ya huduma hii inapopimwa.

Hali yetu kituoni ilikuwa hivi. Mshahara ulitoka katika bajeti ya mradi uliofadhiliwa kutoka nje, mkataba ulikuwa wa muda maalumu, na mahali ambapo wenzetu wa kudumu waliandikwa “mwajiriwa” sisi tuliandikwa “mnufaika wa ufadhili.” Maneno hayo mawili yalikuwa na gharama. Kwenye hati ya malipo mstari wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ulikuwa mtupu, bima ya afya ilitegemea kama mradi uliikumbuka wakati wa kuandika bajeti, na fedha ya mafuta ya pikipiki ya kwenda mashambani ilirejeshwa baada ya matumizi, pengine baada ya msimu kwisha. Anayefanya utafiti wa ubwiriubwiri wa mikorosho hawezi kuahirisha safari mpaka mhasibu arudi likizo, kwa sababu ugonjwa huo hushambulia maua na majani machanga, na mkorosho wa Newala au Tandahimba hauna habari na taratibu za malipo. Ukichelewa kuchukua sampuli, umeukosa mwaka.

Katibu wa tawi alikuja Mtwara kwa basi, akakutana nasi katika darasa lisilotumika, akaomba kila mmoja aweke mezani mkataba wake na hati tatu za mwisho za malipo. Hakuanza na hotuba ya mshikamano, jambo ambalo peke yake linastahili pongezi. Alifungua kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kinachoorodhesha vigezo vya kumdhania mtu kuwa mwajiriwa bila kujali namna mkataba wake ulivyoandikwa, akaanza kuuliza mtu mmoja baada ya mwingine. “Dokta, nani anakupangia siku za kwenda shambani? Darubini unayotumia ni yako? Una mwajiri mwingine zaidi ya hawa?” Aliuliza pia kama katika miezi mitatu iliyopita tulifanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi, na darasa zima likacheka, maana katika msimu wa maua saa hizo huisha kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Kigezo kimoja tu kikitimia, dhana ya ajira inasimama mpaka mwajiri aithibitishe vinginevyo. Sisi tulivitimiza karibu vyote. Kila jibu aliliandika pembeni mwa nakala ya mkataba wa mhusika kwa kalamu nyekundu, akaomba ruhusa ya kuondoka na nakala hizo. Katika miaka yangu ya kuhudhuria vikao vya vyama sijaona maandalizi bora kuliko haya.

Wenzetu wa nje wamekwishapita njia hii, na ni vyema kujua walivyoipita. Katika Chuo Kikuu cha California nchini Marekani, watafiti wa baada ya uzamivu walipata mkataba wao wa kwanza wa pamoja mwaka 2010 kupitia chama cha UAW, tawi la 5810. Mkataba huo unawahusu watafiti wa makundi matatu: anayelipwa na chuo kama mwajiriwa, anayelipwa kwa ufadhili unaopitia chuoni, na anayelipwa moja kwa moja na mfadhili. Chanzo cha fedha hakimtoi mtu nje ya mkataba. Mgomo ulioanza tarehe 14 Novemba 2022, ukihusisha wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa chuo hicho, ulizaa makubaliano mapya yaliyopandisha kima cha chini cha mtafiti wa baada ya uzamivu hadi takriban dola 70,000 kwa mwaka. Wengi walizungumzia dola. Kwangu, dola hizo zisingewafikia wote kama wigo wa mkataba haungepanuliwa miaka kumi na mbili kabla. Mwaka 2023 watafiti vijana wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani nao walipiga kura ya kuunda chama, baada ya mwajiri kuanza kwa kuhoji kama baadhi yao ni waajiriwa kweli. Pingamizi hilo lingeweza kuandikwa na ofisi ya utumishi ya chuo chetu bila kubadilisha hata nukta.

Kituoni hakuna aliyetaja mgomo, nami sioni kwamba tulihitaji. Sheria yetu inataka mgogoro wa maslahi, yaani wa kudai masharti mapya ya kazi, upite kwanza kwenye usuluhishi, kwa kawaida kwa siku 30, kisha kura ipigwe na mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Kundi dogo lililotawanyika kati ya Mtwara, Masasi na makao makuu haliwezi kuuendesha mlolongo huo peke yake. Nguvu yetu ilikuwa ndani ya rasimu.

Rasimu iliyopelekwa na chama ilitaka kifungu cha wigo kisomeke kwamba mkataba utawahusu wafanyakazi wote wa chuo “bila kujali chanzo cha fedha za mishahara yao.” Chuo kilitaka maneno “wanaolipwa kutoka katika mfuko mkuu.” Mjadala mzima wa watafiti ulikuwa juu ya vipande hivyo viwili vya sentensi, na nilishangaa kuona muda uliotengwa kwa kipengele cha sare za madereva ukizidi muda wa mjadala huo. Madereva wana haki ya sare. Lakini wao ni wanachama wengi na wa siku nyingi, wako makao makuu, na hupiga kura; sisi ni wachache, tuko mbali, na mikataba yetu inaweza kwisha kabla ya kura yenyewe. Chama huongozwa na idadi, na mtafiti anayejiunga asitarajie kwamba ugumu wa hoja yake utafidia uchache wa watu wake.

Kilichotiwa saini ni mwafaka wa nusu. Watafiti wanaolipwa na miradi wameingia katika mkataba wa hali bora, ilimradi mikataba yao ni ya miezi kumi na miwili au zaidi. Wanapata michango ya NSSF, bima ya afya, likizo ya mwaka ya siku 28 na ya uzazi ya siku 84 ambazo sheria ilikuwa imeshawapa siku zote, posho ya shambani inayolipwa kabla ya safari, na taarifa ya maandishi miezi mitatu kabla ya mkataba kwisha kueleza kama utahuishwa. Ngazi za mishahara za mkataba huo haziwahusu. Posho ya kabla ya safari ndiyo iliyobadilisha maisha ya kila siku kuliko yote: sasa mtu anajaza mafuta Mtwara mjini asubuhi na kuondoka, badala ya kumkopa msimamizi wake. Taarifa ya miezi mitatu nayo ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa kuwa inamwezesha mtu kuomba nafasi nyingine akiwa bado ana mshahara.

Waliobaki nje ni wenye mikataba ya miezi sita, na hapa ndipo ninapokilaumu chama bila kumung’unya maneno. Kanuni za mwaka 2017 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira zinataka mkataba wa muda maalumu wa mtaalamu usipungue miezi kumi na miwili. Mtu mwenye shahada ya uzamivu aliyepewa miezi sita alipaswa kuwa mfano wa kwanza wa kuwasilishwa mezani. Badala yake, katika kikao cha mwisho ujumbe wa chama ulikubali sharti la miezi kumi na miwili kama mpaka wa wigo, huku ukipata nyongeza ya posho ya nyumba kwa watumishi wa kudumu. Kilichopaswa kuwa kosa la mwajiri kikageuzwa kuwa sababu ya kumwacha mfanyakazi nje. Na walioachwa nje waliendelea kukatwa asilimia mbili zao.

Mawasiliano na sisi wa kusini yalikuwa duni. Rasimu ya mwisho ilitufikia usiku kwa WhatsApp, ikiwa picha za kurasa zilizopigwa kwa pembe, nyingine zikiwa na kivuli cha mkono wa mpigaji, na kura ikapigwa makao makuu siku iliyofuata tukiwa mashambani. Nakala ya mkataba uliosainiwa niliipata baada ya kuiomba mara kadhaa, ingawa ni waraka ambao sheria inataka uwasilishwe kwa Kamishna wa Kazi na hakuna sababu ya kuufanya siri kwa wanaoulipia.

Upande wa mashauri ya mtu mmoja mmoja, huduma ni ya hali ya juu. Mwenzetu mmoja ambaye mkataba wake ulikuwa umehuishwa mara kwa mara aliambiwa ghafla kuwa basi, ilhali mradi uliendelea na nafasi yake ikatangazwa. Sheria inahesabu kutohuisha mkataba kuwa ni kuachisha kazi pale ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi ya kuhuishiwa, na shauri la namna hiyo linapaswa kufika CMA ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki yao katika siku hizo, wakisubiri mkuu wa mradi awapigie simu. Katibu hakumruhusu asubiri. Alimtaka atafute barua pepe zote zilizotaja kazi za msimu ujao, wakazipanga kwa tarehe, fomu ikawasilishwa ofisi ya CMA hapahapa Mtwara, na jambo likaisha kwenye usuluhishi kwa masharti ambayo si yangu kuyatangaza. Wakili wa kulipwa asingeifanya kazi hiyo kwa ada ya mwaka mzima ya mwanachama.

Kwa uwakilishi wa mashauri ninawapa nyota tano kati ya tano. Kwa maandalizi ya majadiliano nne. Kwa yaliyotokea mezani mbili na nusu. Kwa mawasiliano moja, nayo ni kwa sababu hatimaye nakala niliipata. Kwa mtafiti mwenye mkataba wa mwaka mmoja au zaidi ada hii inalipa. Mwenye mkataba mfupi aombe kwanza kifungu cha wigo, akisome mwenyewe, ndipo aamue kuhusu TUF 6. Aliyekwisha kuijaza anaweza kuondoa idhini yake ya kukatwa ada kwa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja. Wawili wa kituo chetu wameshaandika taarifa hizo, lakini katibu amewaomba wazishikilie kwanza, kwa sababu majadiliano ya mkataba ujao yatafunguliwa kabla ya msimu mwingine wa maua na anataka majina yao yawe bado kwenye daftari atakapokwenda kudai kifungu cha miezi kumi na miwili kiondolewe. Mmoja amekubali. Mwingine amejibu kwamba ataurudisha uanachama wake siku atakapoiona rasimu, tena iliyochapwa.