Uzoefu wangu: mashine ya leza ya kupima gesijoto kwenye mboji ya kinamasi

Nimeitumia mashine hii misimu miwili ya mvua na kiangazi kilicho katikati yake, kwenye mabonde ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako vinamasi vya mafunjo vilichimbiwa mitaro, vikakaushwa, vikalimwa viazi mviringo. Ni ile ya kubeba mgongoni: kilo kumi na kidogo, inasoma hewa ya ukaa, methani na mvuke wa maji kila sekunde, na betri mbili zikijaa inakwenda saa nane hivi. Chapa siitaji, maana mengi nitakayoyalalamikia yako kwa ndugu zake wote.

Kwa njia ya zamani unafunika udongo kwa chemba, yaani chombo cha kunasa gesi inayotoka chini, nusu saa, unavuta hewa kwa bomba la sindano dakika ya 0, 10, 20 na 30, unaisukuma kwenye vichupa na kuvipeleka maabara. Ni nukta nne tu. Moja ikiharibika, mstari wote unatiliwa shaka, na utalijua hilo baada ya wiki kadhaa. Kwa mashine hii unafunika dakika 3 hadi 5, unapata nukta 180 hadi 300, na mstari unauona kwenye simu ungali umeinama. Methani ikipanda kwa mnyoofu, inapenya udongo polepole. Ikiruka kama ngazi kisha ikaendelea kwa mwendo wake, hilo ni povu lililopasuka, na mara nyingi umelipasua wewe kwa mguu.

Kwa hiyo usiinunue mashine kabla ya kununua mbao. Kila kituo kiwe na ubao wa kusimamia, umeegemezwa kwenye vigingi vilivyozama hadi udongo mgumu, si kulazwa juu ya mboji, yaani ule udongo laini wa mimea iliyooza nusu. Mboji iliyolowa hutikisika kama godoro. Mtu wa kilo 70 akisogea karibu na chemba, methani iliyonaswa chini inatoka kwa mpigo.

Kola, yaani pete za kukalia chemba, nimezikata kwenye bomba la PVC la kipenyo cha sentimita 30. Usizigongee kwa nyundo, utaushindilia udongo. Zungushia kisu cha mkate chenye meno, ukate mizizi, kisha sukuma kola kwa mikono hadi sentimita 8 au 10. Siku hiyohiyo usipime: mizizi iliyokatwa na udongo uliotibuliwa hutoa hewa ya ukaa isiyo ya kawaida. Mimi husubiri wiki nzima. Na kila safari pima upya kimo cha kola juu ya udongo, pande nne, kwa sababu mboji iliyokaushwa hushuka. Chemba na kola vikiwa na kimo cha sentimita 30, kosa la sentimita 2 ni karibu asilimia 7 ya jibu lako.

Kuna kosa kubwa kuliko hilo, nalo halionekani kabisa. Hesabu ni hii: kasi ya gesi kupanda, mara kimo cha chemba, mara kanieneo (mgandamizo) ya hewa kwa paskali, gawanya kwa 8.314, namba isiyobadilika ya gesi, mara joto kwa kelvini. Programu niliyopewa ilikuwa imewekewa kanieneo ya usawa wa bahari, kilopaskali 101.3. Bondeni Kabale, karibu mita 1,900 juu ya bahari, ni kama 80.5. Chukua hewa ya ukaa inayopanda ppm (sehemu kwa milioni) 0.4 kwa sekunde, nyuzi 22, kimo mita 0.30: jibu sahihi ni maikromoli 3.9 kwa mita mraba kwa sekunde. Programu inakupa 5.0. Zaidi ya robo imeongezwa bure, na mstari wako ni mnyoofu kabisa. Ingiza kipimo cha baromita mwenyewe.

Kukagua uvujaji hakuhitaji kifaa. Funga chemba, pulizia pumzi kuzunguka mpira wa kuzibia. Pumzi ya mtu ina hewa ya ukaa ppm 40,000 hivi. Palipo na upenyo, namba inaruka baada ya sekunde saba, muda ambao hewa inachukua kupita kwenye mrija wangu wa mita 4. Kwa sababu ya mrija huohuo natupa sekunde 30 za mwanzo katika kila kipimo. Mchana wa jua mrija hutoa jasho ndani, na tone likifika kwenye vioo vya leza umeaga kazi ya siku hiyo, pengine ya mwezi. Kichujio cha kuzuia maji kiwe kwenye mlango wa hewa wa mashine daima, na cha akiba mfukoni.

Palipobaki mafunjo, ushindi ni mdogo. Mmea una urefu wa mita 4, chemba haiumezi, na mashina yake ndiyo bomba la kupitishia methani kutoka kwenye matope. Ukipima katikati ya mashina tu, umepima sakafu ukaacha dohani. Sehemu nyingine ya methani ya bonde iko kwenye mitaro, na humo chemba lazima ielee juu ya boya.

Lawama yangu kubwa: haisomi oksidi ya nitrasi. Kwenye viazi vilivyowekewa mbolea juu ya mboji kavu, mvua ya kwanza huitoa kwa wingi kwa siku chache, na kilo moja yake hupasha dunia mara 273 ya kilo ya hewa ya ukaa kwa miaka 100, ilhali methani ya kinamasi ni mara 27. Vichupa basi havijastaafu. Bado navitumia: vya mililita 12, vilivyofyonzwa hewa, navijaza mililita 20 ili msukumo wa ndani uzuie hewa ya nje kuingia.

Matengenezo yanafanyika ng'ambo, na mitungi miwili ya gesi ya kulinganishia ilikaa forodhani muda mrefu kuliko ilivyokaa safarini. Iagize pamoja na mashine, siku hiyohiyo.