Rafu ya "bila gluteni" Mtwara mjini: tambi nanunua, unga bado

Binti yangu ana seliaki, ugonjwa ambao utumbo huharibiwa na gluteni, protini iliyo kwenye ngano na nafaka za jamii yake. Ilithibitishwa Dar es Salaam kwa kipimo cha damu, kisha wakamchukua kinyama kidogo cha utumbo wakakipima. Ngano, shayiri na rai hagusi. Kwa hiyo niliposikia kuna duka hapa mjini limefungua rafu nzima ya vyakula vya "bila gluteni", nilikwenda siku hiyo hiyo. Duka safi, wahudumu wana lugha nzuri. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: naweza kumpa mwanangu nikalala usingizi?

Tambi za mahindi na mchele kutoka Italia ni shilingi 14,000 kwa nusu kilo. Ni ghali, sikatai. Ila Ulaya mtengenezaji haruhusiwi kuandika "bila gluteni" kama gluteni inazidi miligramu 20 kwa kilo, na Marekani nao wanataka iwe chini ya 20. Wengi wenye seliaki huvumilia hadi kama miligramu 10 kwa siku. Sasa piga hesabu: sahani ya gramu 100 za tambi kavu, hata zikiwa zimegota kwenye kikomo, ina miligramu 2. Hapo moyo wangu unatulia. Ziepue mapema, maana zikipitiliza kidogo tu zinavurugika, kisha mwagia mchuzi wa pweza wa nazi. Binti alilamba sahani.

Biskuti za "bila ngano" ziacheni pale pale. Nyuma ya pakiti pameandikwa kimea cha shayiri.

Unga wa muhogo ndio ulioniumiza kichwa. Umefungashwa huku huku Kusini, mweupe, hauna harufu ya uvundo, na lebo ya kijani inasema "Hauna gluteni". Muhogo wenyewe kweli hauna. Ninachohofia ni njia ya makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, kutoka juani hadi kwenye pakiti. Nikamuuliza muuzaji:

"Kaka, huu wanasagia wapi?"

"Mashineni tu, mama, kama unga mwingine."

"Na unga wa lishe wanasaga hapo hapo?"

"Eeh, lishe ndiyo inayotoka sana."

Lishe huchanganywa mahindi, mtama, ulezi, karanga, soya, na mara nyingi ngano. Na aliyewahi kusimama mashineni anajua: ukiugonga ule mfuko wa kitambaa, unga wa aliyekutangulia unadondokea kwenye ndoo yako. Karibu sehemu ya kumi ya unga wa ngano ni gluteni, kwa hiyo sehemu ya kumi ya gramu, kiasi cha kushika ncha ya kidole, inamaliza zile miligramu 10 za siku nzima. Wala msiseme mbona mtoto haumwi tumbo. Utumbo unaweza kuendelea kuharibika kimya kimya bila dalili yoyote.

Nilimpigia mtengenezaji kwa namba iliyo kwenye pakiti. Alinisikiliza kwa heshima, akasema gluteni hajawahi kuipima. Ameandika vile kwa sababu ndani hakuna ngano. Nia yake naiona ni njema, lakini lebo hiyo inamfaa anayeacha ngano kwa kupenda. Mgonjwa wa seliaki anahitaji kipimo, au mashine inayosaga muhogo peke yake. Nimemwomba ayafute maneno hayo mpaka apate kimojawapo, na nitaendelea kumwomba.

Kwa sasa nanunua makopa mazima sokoni, nayaosha, nayaanika upya, natwanga kwa kinu cha nyumbani na kuchekecha kwa chekeche ambalo halijawahi kuona ngano. Mikono inauma, lakini ugali anakula.

Tambi nazipa nyota nne, unga moja. Tambi huisha upesi, hivyo mwambieni muuzaji awawekee. Mwambieni pia aondoe ule unga wa ngano wa kupima kwa kilo uliokaa rafu ya juu yake. Mimi nimeshamwambia, akisikia kwa wengi atauhamisha.