Miezi minane na kihisi cha hewa ukutani kwangu

Nilikinunua kwa hasira. Kila asubuhi naamka koo limekauka, nikichungulia barabarani naona moshi umetanda, lakini kituo rasmi cha kupima hewa kilicho karibu nami kipo kilomita kadhaa, upande wenye miti mingi. Namba zake zinasema hewa ni safi. Pua yangu inasema vingine.

Kifaa ni kidogo, kinaenea kiganjani. Ndani kuna feni inayovuta hewa na mwale wa leza. Chembe zikipita hapo hutawanya mwanga, nacho hukadiria wingi wake. Kinachotazamwa zaidi ni PM2.5, chembe zisizozidi mikromita 2.5, ambazo unywele mmoja unazizidi unene mara 20 na zaidi, na ndizo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Ukikiunganisha na waifai, kila baada ya dakika chache kipimo kinaingia kwenye ramani ya wazi, na yeyote anaiona nukta yako kwa rangi yake: kijani, njano, chungwa, nyekundu, zambarau, na hali ikiwa mbaya kabisa, damu ya mzee.

Kukifunga ni kazi ya dakika kumi. Nilipochemsha ni mahali pa kukifunga. Nilikitundika nje ya dirisha la jikoni, kwa vile soketi ilikuwa hapo. Wiki nzima, ikifika jioni, nukta yangu nyekundu, za wenzangu zote kijani. Mama mmoja wa mtaa wa pili, ambaye mwanawe ana pumu, alinisimamisha njiani akaniuliza kama ni lazima amfungie mtoto ndani kila jioni. Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe alikuwa akipanga ratiba ya mtoto kwa kufuata moshi wa kikaangio changu! Siku ileile nikakihamishia ukuta wa pili, kama mita tatu kutoka chini, kivulini, mbali na jiko.

Mwezi wa tano namba ikaruka usiku wa manane hadi mia nne na ushei, ikakwama hapo. Nikakifungua: buibui kafuma utando kwenye tundu la kuingizia hewa. Sasa nakipuliza kila mwezi.

Kinachoniudhi kuliko yote ni unyevu. Asubuhi za ukungu chembe hunyonya maji na kuvimba, na leza haijui kutofautisha tone na moshi, hivyo namba inapaa bure. Ramani ina kitufe cha kurekebisha hilo, ila kimefichwa ndani ya mipangilio na kinakuja kikiwa kimezimwa. Wangapi watakifikia? Vilevile, vumbi zito la barabarani kifaa hiki hakilipati vizuri, kwa hiyo safu ya PM10, yaani chembe zisizozidi mikromita 10, mimi siitazami.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni namba kubwa ya kwenye skrini. Ile ni faharisi ya ubora wa hewa: inakokotolewa kutokana na mikrogramu za chembe, lakini si mikrogramu zenyewe. Kwa kipimo cha Marekani, faharisi ya 100 ni mikrogramu 35 hivi kwa mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa saa 24 usizidi 15, na wa mwaka usizidi 5. Wangu wa siku mara nyingi unagonga 20 na kitu, wakati programu inanionyesha njano tu, kana kwamba mambo si mabaya.

Hata hivyo sikirudishi. Nimejua kwamba hewa ya kwangu ni nzito alfajiri, upepo ukiwa umelala, na inachangamka kuanzia saa nne. Nimehamisha mbio zangu za asubuhi hadi jioni. Yule mama bado ananiuliza, siku hizi kwa ujumbe: "Leo je?" Nami nachungulia kwanza nje kuona kama kuna ukungu ndipo nimjibu.

Nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka kile kitufe kitoke mafichoni.