Pampu ya kupimia presha ya rejeta: uzoefu wangu kwenye magari makuukuu

Kama gari lako limekula umri na linachemsha mara kwa mara, au linamaliza maji bila kudondosha tone chini, hiki ndicho kifaa cha kwanza kununua. Kitangulie rejeta mpya (kipoza maji ya injini) na thamostati mpya (valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta), na hasa kitangulie kufungua silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini. Nimekitumia kwenye injini za petroli na za dizeli, na maoni yangu ni mazuri ingawa kuna kasoro nitakazozitaja.

Ndani ya kisanduku kuna pampu ya mkono yenye geji, mpira mfupi wa kuunganishia, adapta za midomo mbalimbali ya rejeta na matangi ya akiba, na kipande kifupi chenye midomo miwili ambacho wengi hawakigusi. Hicho kidogo ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu kinapima kifuniko cha rejeta chenyewe.

Kifuniko, kinachoshikilia presha ndani ya mfumo kwa springi yake, ndicho kitu kinachodharauliwa zaidi kwenye gari kuukuu. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi; yakiwa chini ya presha ya bar 0.9 (bar ni kipimo cha presha) hayachemki hadi yafike nyuzi 118 hivi. Kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huchemka karibu nyuzi 107 ikiwa wazi, na karibu nyuzi 129 ikiwa chini ya bar 1. Sasa chukua springi ya kifuniko iliyochoka, inayoachia kwenye bar 0.4: maji yale yale yatachemka kwenye nyuzi 109. Karibu na valvu za ekzosi chuma kina joto kuliko geji ya dashibodi inavyoonyesha, kwa hiyo mvuke huanzia hapo, unasukuma kulanti hadi kwenye tanki la akiba na kuimwaga nje. Mwenye gari anaambiwa rejeta imekufa, kumbe ni kifuniko.

Kukipima ni rahisi. Lowesha mpira wake, kifunge kwenye kile kipande, piga pampu taratibu ukitazama sindano inaachia wapi. Linganisha na namba iliyogongwa juu yake: 0.9 au 1.1 ndizo za kawaida, au 13 na 16 kama imeandikwa kwa psi, kipimo kingine cha presha. Kikiachia mapema mno, tupa. Kisichoachia hata baada ya kupita namba yake ni hatari zaidi, kwani presha itatafuta penye udhaifu na kupasua hapo. Angalia pia valvu ndogo ya katikati kwa kuivuta kwa kucha; lazima irudi yenyewe. Ikikwama, kulanti haivutwi tena kutoka tanki la akiba injini inapopoa, na utakuta hozi zimenywea.

Mfumo wenyewe upimwe injini ikiwa baridi kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto, hata kwa kitambaa kinene. Ukiachia presha ghafla, maji yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Jaza hadi karibu na mdomo, funga adapta, piga pampu hadi namba ya kifuniko na usizidishe. Rejeta nyingi zina matangi ya plastiki yaliyobanwa kwenye alumini, na plastiki ya zamani hupasuka kwenye mshono huo.

Subiri dakika 15. Sindano ikishuka, anza kukagua ncha za hozi chini ya klipu, kisha mshono wa plastiki na alumini, nyumba ya thamostati, na kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ya maji. Kitundu hicho kipo makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji hutokea pale kabla hayajaharibu beringi. Ukoko mkavu mweupe au wa rangi ya kulanti ni ushahidi tosha kwamba panavuja, hata kama sasa pamekauka. Ukikosa chochote upande wa injini, pima hita, kipasha joto cha ndani ya gari kinachotumia maji ya injini: kapeti ya mbele yenye unyevu, harufu tamu ndani ya gari na kioo kinachopata ukungu wenye mafuta vinaelekeza huko.

Presha inashuka na hakuna tone popote? Hapo gasketi ya hedi, yaani kizibo kati ya hedi na injini, inashukiwa. Kwa injini ya petroli, toa plagi zote, acha mfumo ukiwa na presha kwa nusu saa, zima mfumo wa mafuta na wa moto wa plagi, kisha zungusha injini kwa stata ukiwa umekaa mbali na matundu. Silinda inayorusha maji imejitaja yenyewe. Njia nyingine ni kuwasha injini baridi pampu ikiwa imefungwa na presha kidogo tu: sindano ikipanda haraka ndani ya dakika ya kwanza, kabla maji hayajapata joto, gesi za mlipuko zinaingia kwenye maji. Zima mara moja, maana adapta hii haina valvu ya usalama kama ya kifuniko. Mimi huthibitisha kwa ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi hizo, kabla ya kulegeza bolti hata moja ya hedi.

Kifaa hiki hakioni kila kitu. Mfumo unaweza kushika presha vizuri na gari likachemsha bado. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukiongeza mwendo, tazama feni na klachi yake. Likichemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani, shuku rejeta iliyoziba ndani, panga za pampu ya maji zilizolika, au hozi ya chini inayonyonywa hadi kubana. Thamostati iliyogongwa 82 ining'inize ndani ya maji ya moto pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na nyuzi hizo. Kuitoa kabisa sikubaliani nako. Kwenye injini ambazo thamostati pia hufunga njia ya mkato, ukiitoa njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita rejeta.

Malalamiko yangu ni mawili makubwa. Kiungo cha haraka kati ya mpira na adapta huvuja hewa kikichakaa, na hapo utalaumu gari lisilo na kosa. Kabla ya kila kazi mimi hufunga kifuniko kisicho na kasoro kwenye kile kipande, nikapiga presha chini kidogo ya namba yake na kungoja. Ikishuka, najua kinachovuja ni kifaa, si gari. La pili, adapta za plastiki za matangi ya kuzungusha kama skrubu hulika haraka. Za chuma ni bora, hata kama seti yake ina vipande vichache.

Wakati wa kununua, usitegemee orodha ya majina ya magari iliyo kwenye boksi. Pima kipenyo cha mdomo wa rejeta yako na kina kutoka ukingo wa juu hadi pale mpira wa kifuniko unapokalia, halafu ulinganishe na adapta. Mipira yake ipake grisi ya silikoni, si oili ya injini, na kabla ya kufungua adapta achia presha kwa valvu ya pampu hadi sindano isome sifuri.